Ulaya wana chaja moja, sisi tuna droo ya nyaya

Tangu tarehe 28 Desemba 2024, hakuna simu mpya inayoruhusiwa kuingizwa katika soko la nchi 27 za Umoja wa Ulaya isipokuwa iwe na tundu la kuchajia la aina moja tu, lile la USB-C ambalo vijana wauzaji wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi huliita kwa mkato "taip-si". Sheria hiyo haikuishia kwa simu. Iliwakumba pia watengenezaji wa tableti, kamera, spika za kubebwa, visikizi vya masikioni, mashine za michezo za mkononi, hata vicharazio na vipanya vya kompyuta vinavyochajiwa kwa waya. Kompyuta za mkononi, ambazo baadhi yetu huziita vipakatalishi, ziliwekewa tarehe yake zenyewe: 28 Aprili 2026.

Najua yuko msomaji atakayeguna na kusema kwamba hizo ni habari za Wazungu walioshiba. Sisi huku tunalia na bei ya unga na karo za shule, naye huyu mwandishi anatuletea hadithi ya nyaya! Namwomba msomaji huyo anivumilie kidogo, kwa maana usiku mmoja mwaka jana waya usiofaa ulikaribia kuiponza familia yangu.

Nilikuwa nimekwenda Mwatate kumjulia hali shangazi. Katika ukoo wetu mimi ndiye mweka hazina. Michango yote, iwe ya matanga, ya arusi au ya hospitali, hutumwa katika simu yangu, nami huipeleka panapohitajika. Majuma hayo tulikuwa tumechanga kwa ajili ya mke wa ndugu yangu mdogo, aliyekuwa karibu kujifungua mjini Mombasa. Mnamo saa tatu usiku ndugu yangu akanipigia. Madaktari walikuwa wameamua mama apasuliwe usiku ule ule, na hospitali ilidai malipo ya awali kabla ya kumwingiza katika chumba cha upasuaji. Nikamwambia pesa ninazo, natuma sasa hivi. Sikuimaliza sentensi, simu ilizimika mkononi mwangu. Nikapekua mkoba. Chaja nilikuwa nimeisahau Nairobi.

"Mwanangu, chaja hapa hazikosi," shangazi akaniambia, naye alisema kweli. Zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa ya simu yake mwenyewe, ile tunayoiita mulika mwizi, yenye kichwa chembamba cha duara kama sindano ya kushonea magunia. Ya pili ilikuwa ya mjukuu wake wa kidato cha tatu, yenye kichwa bapa cha zamani ambacho upande mmoja ni mpana kuliko wa pili. Ya tatu ilitoka katika kisanduku cha umeme wa jua kilichotundikwa ukutani, na kichwa chake kilikuwa cha duara pia lakini kinene, kisichoingia popote isipokuwa katika taa za kampuni ile ile. Ya nne ilikuwa ya tableti iliyokufa zamani, wala hakuna aliyekumbuka kwa nini ilikuwa ingali inatunzwa. Simu yangu ilizikataa zote.

Mjukuu akatoka mbio hadi kwa mwalimu jirani, akarudi na waya wa taip-si. Tulishangilia kabla ya wakati. Waya ule ulikuwa na kichwa kile kile kidogo pande zote mbili, na nyumba nzima haikuwa na chaja yenye tundu dogo la kuupokea. Zote zilikuwa za tundu pana la mstatili. Jirani wa pili akaja na waya uliofaa huku na huku. Simu ikaonyesha alama ya betri, ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Baada ya nusu saa ilikuwa haijapata nguvu ya kudumu hata dakika mbili.

Msomaji mwerevu amekwisha kuniuliza kwa nini sikuitoa kadi ya simu yangu nikaitia katika simu ya shangazi. Nililifikiria hilo. Lakini kadi yangu ni ile ndogo iliyo sawa na ukucha wa kidole cha mwisho, na nafasi ya kadi katika simu yake ni ya kadi kubwa ya zamani. Yakawa yale yale. Aliyetuokoa ni yule kijana wa kidato cha tatu. Alikata kipande cha boksi la majani ya chai, akakitoboa nafasi ya vipimo vya kadi yangu, akakibandika kwa selotepu, akakitia katika simu ya nyanya yake na kukikandamiza kwa betri. Saa sita kasorobo usiku pesa zikaenda. Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri, msichana, na sasa anatambaa.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu katika nchi yetu simu si chombo cha mazungumzo tu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mnamo Machi 2007, simu imekuwa benki, kibeti na daftari la madeni. Simu isiyo na moto ni benki iliyofungwa, na mwenye akiba hana hata meneja wa kumgombeza. Katika vijiji ambavyo umeme haujafika, watu hulipa shilingi kumi au ishirini kibandani ili simu moja ichajiwe, na mwenye kibanda sharti awe na furushi la vichwa vya kila aina. Gharama ya furushi hilo humwangukia nani? Ni yule yule mlalahoi aliyeleta simu.

Fujo hii si ya jana. Sisi tulioanza kuandikia kompyuta katika miaka ya tisini twakumbuka hali ya mgongo wa mashine zile. Kicharazio kilikuwa na tundu lake la duara. Kipanya kilikuwa na lake, mara la pini tisa, mara lile duara dogo lililoletwa na IBM mwaka wa 1987. Printa nayo ilikuwa na waya mnene kama mkia wa ng'ombe, wenye pini 25 upande wa kompyuta na mdomo mpana wa pini 36 upande wa printa, wa kufungwa kwa skurubu huku na kwa vibanio kule. Pini moja ikipinda, kazi ya ofisi nzima ilisimama. Aidha, hukuthubutu kuchomoa wala kuchomeka chombo kabla ya kuizima mashine.

Mnamo Januari 1996 kampuni saba, zikiwemo Intel, IBM, Microsoft, Compaq na NEC, zilitoa kanuni za tundu moja la vyombo vyote. Miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo alikuwa mhandisi Ajay Bhatt, mzaliwa wa India aliyekuwa mwajiriwa wa Intel. Hiyo ndiyo USB. Tundu lile lilibeba habari, na pamoja na habari likabeba umeme kidogo wa volti 5, uliokusudiwa kulisha kipanya na ndugu zake. Simu za mkononi zilipoenea zikagundua kwamba umeme huo hata wao unawafaa, na hivyo ndivyo tundu la kompyuta lilivyogeuka kuwa mlo wa simu.

Lakini lililozaliwa ili liwe la wote likazaa ukoo mzima. Kikawepo kichwa kipana cha mstatili, ambacho kila mtu hukigeuza mara mbili au tatu ndipo kiingie. Kikawepo kile cha mraba cha printa, kile kidogo cha kamera za zamani, kisha kile bapa ambacho mjukuu wa shangazi angali nacho. USB-C ilitolewa mwaka wa 2014 ili kuuamua ugomvi huo. Kichwa chake huingia upande wowote, na kinaweza kuhudumia simu, kompyuta, skrini na printa bila ubaguzi.

Ulaya hawakufika hapo kwa huruma ya wenye viwanda. Mwaka wa 2009, wakati ambapo zaidi ya aina 30 za chaja zilikuwa sokoni, Tume ya Ulaya ilizibembeleza kampuni kubwa za simu, zikatia sahihi mapatano ya hiari ya kutumia kichwa bapa kimoja. Aina zilipungua sana. Hata hivyo, mapatano ya hiari ni kamba isiyo na fundo. Kampuni ya Apple, ambayo nayo ilikuwa imetia sahihi, ilileta tundu lake yenyewe la Lightning mwaka wa 2012, na mteja aliyetaka kutumia waya wa watu wote akanunua kiunganishi. Mapatano yakaisha muda wake mwaka wa 2014. Mazungumzo yakaendelea kwa miaka, hadi Oktoba 2022 ambapo Bunge la Ulaya lilipitisha sheria kwa kura 602 dhidi ya 13.

Apple ilikuwa imelalamika kwamba kulazimisha tundu moja kutaudumaza ubunifu, na kwamba vifaa zaidi ya bilioni moja vyenye Lightning vilikuwa tayari mikononi mwa watu, hivyo nyaya zake zingegeuka takataka. Hoja hii ya pili si ya kudharauliwa, nami nitairudia. Ila mnamo Septemba 2023, zaidi ya mwaka mzima kabla ya siku ya mwisho, kampuni hiyo hiyo ilitoa iPhone 15 yenye tundu la USB-C, na wateja wakaendelea kupiga foleni. Saudia nayo ililitaka tundu hilo hilo kwa simu kuanzia Januari 2025.

Tume ya Ulaya ilikadiria kwamba chaja zinazotupwa na zile zinazolala bila kutumika hufikia takriban tani 11,000 za taka kwa mwaka katika nchi zake. Hao ni watu wenye viwanda vya kuchakata taka. Ulimwenguni kote, taka za vifaa vya umeme zilifika tani milioni 62 mwaka wa 2022, na hazikutimia robo zilizojulikana kuwa zilikusanywa na kuchakatwa inavyopasa. Zetu sisi zinaelekea wapi? Aliyepita kando ya jaa la Dandora anajua. Huko nyaya huchomwa ili shaba ipatikane, na moshi wake huvutwa na watoto wa wanaochoma.

Tujiulize basi. Kiwanda cha ng'ambo kilicho na mitambo ya kutengeneza matundu ya zamani, kikiisha kufungiwa soko la Ulaya, kitafanya nini na mitambo hiyo? Hakitaitupa baharini. Kitatafuta soko lisilouliza maswali, na sisi ambao hatujatunga kanuni kama hiyo tumo katika soko hilo. Bei itakuwa nafuu, na mnunuzi wetu atafurahi siku ya kwanza. Miaka miwili baadaye waya wake utakapokatika, atauzunguka mji akitafuta mwenzake na kuambiwa kwamba "hizo siku hizi haziletwi". Unafuu wa namna hiyo ni mkopo, na riba yake hulipwa na maskini.

Wala tusidanganyike kwamba tundu likiwa moja basi mambo yamekwisha. Hapa naomba nikawie kidogo, kwa sababu ndipo wanunuzi wetu wengi wanapoibiwa.

Kwa macho, nyaya zote za USB-C ni mapacha. Nilisimama katika duka moja la Luthuli, mwenye duka akaniwekea mezani nyaya mbili, moja ya Sh150 na ya pili ya Sh1,500. Zilikuwa na urefu mmoja na rangi moja. Nilipomuuliza tofauti yake alicheka, akasema, "Hiyo ya bei ndogo ni ya kuchaji, hiyo nyingine ni ya kazi." Jibu lake lilikuwa na ukweli mwingi kuliko alivyojua. Kichwa cha USB-C kina nafasi ya pini 24, lakini waya wa bei ya chini huwa na chache tu kati ya hizo. Waya wa kawaida unaofuata kanuni hubeba hadi ampea 3, ambazo kwa volti 20 ni wati 60. Wa kubeba ampea 5 ni lazima uwe na kijisahani cha elektroniki ndani ya kichwa chake, cha kuiambia chaja kwamba mzigo huo unaumudu; na tangu mwaka wa 2021 kanuni zinaruhusu nyaya maalumu kufikisha wati 240. Upande wa habari, waya mmoja hupitisha kwa kasi iliyowekwa mwaka wa 2000, na mwenzake anayefanana naye kama shilingi kwa ya pili hupitisha mara themanini zaidi. Kati ya yote haya, hakuna hata moja ambalo jicho la mnunuzi linaweza kulitambua. Na waya ghushi, ambao ndani yake mna nyuzi nyembamba za metali duni zilizopakwa shaba juu juu, huupoteza umeme njiani kabla haujaifikia simu. Naamini huo ndio uliotuweka macho kule Mwatate.

Kuna hila nyingine iliyofichika zaidi. Chaja ya USB-C haimwagi umeme ovyo kama mfereji uliofunguliwa. Kwanza hupapasa kuona kama kuna kifaa upande wa pili; kikijitambulisha, hukipa volti 5, kisha wakielewana huweza kupanda hadi 9, 15 au 20. Ili kijitambulishe, kifaa kinahitaji vipande viwili vidogo mno vya kukinza umeme, ambavyo kiwandani bei yake ni ya senti. Baadhi ya watengenezaji wa tochi, redio na spika za bei ya chini huviacha ili kubana hata senti hizo. Matokeo yake ni kwamba spika ina tundu la USB-C, wewe una chaja na waya halali za USB-C, ukiviunganisha hapapiti kitu. Ukitumia chaja kuukuu ya tundu pana, inachaji! Mnunuzi huilaumu chaja nzuri na kuisifu ile mbovu.

Kuhusu chaja ghushi zenyewe, jambo ni zito zaidi. Ndani ya chaja, umeme wa volti 240 unaotoka ukutani hutenganishwa na ule mdogo unaokwenda kwenye simu. Nafasi ya kuutenganisha ikibanwa ili chaja iwe ndogo na rahisi, siku moja umeme wa ukutani huruka na kumfikia aliyeishika simu. Mtu anaweza kufa kwa chaja. Katika hilo tundu la USB-C halina msaada wowote. Msaada ni ukaguzi.

Ndiyo maana naipenda sehemu moja ya sheria ya Ulaya isiyozungumzwa sana. Inataka boksi la kifaa liwe na mchoro unaoonyesha kama ndani mna chaja au hamna, na nambari za wati ambazo kifaa kinahitaji, kuanzia za chini hadi za juu. Asiyejua kusoma Kiingereza huweza kuisoma nambari. Isitoshe, mnunuzi akitaka kifaa bila chaja kwa kuwa anayo nyumbani, ana haki ya kukipata hivyo. Hapa kwetu ningeongeza kwamba waya wenyewe uandikwe wati zake ubavuni, na maandishi hayo yawe ni ushahidi mahakamani dhidi ya aliyeuza.

Je, tunaweza? Wapo wanaosema kwamba nchi changa haiwezi kuwaamuru wenye viwanda wa Shenzhen. Hoja hii huvunjwa na ukuta wa kila nyumba yenye umeme. Tazama soketi. Zamani ilikwisha kuamuliwa kwamba plagi yetu iwe ya miguu mitatu ya mstatili, yenye fyuzi ndani, kwa mujibu wa kanuni ambayo Waingereza waliitoa mwaka wa 1947. Hakuna anayenunua pasi Kisumu akahofu kwamba haitaingia ukutani Garissa. Ni kweli kwamba vifaa vya miguu miwili huingia nchini kila uchao, na kwamba watoto wetu wamejifunza kulichokonoa tundu la juu kwa kalamu ili waifungue soketi. (Nimemkuta mtu mzima akifanya hivyo kwa msumari.) Huo ni ushahidi wa uzembe wa ukaguzi, kanuni yenyewe haina kosa, na bila ya kanuni hiyo tungekuwa na kalamu nyingi zaidi.

Tena, serikali ilipotaka kuzihesabu simu haikushindwa. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu ghushi zaidi ya milioni moja zilizimwa kwa amri ya Tume ya Mawasiliano ya wakati huo. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza agizo la kutaka nambari za utambulisho za simu zinazoingizwa na zinazounganishwa nchini zijulikane kwa ajili ya kodi, agizo lililopingwa mahakamani. Sitaki kuingia katika mabishano ya agizo hilo. Nasema tu kwamba afisa aliyetayarishwa kuitazama simu bandarini ili kutafuta kodi hashindwi kuigeuza chini akalitazama na tundu lake.

Na kazi ya kuandika kanuni haiwi ya kuanzia sifuri. Vipimo vya USB-C vimekwisha kuchapishwa na shirika la kimataifa la viwango vya umeme, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, linashiriki katika shirika hilo. Sheria ya kudhibiti taka ya mwaka wa 2022 nayo ilikwisha kumtwika mtengenezaji na mwagizaji dhamana ya bidhaa zake hadi mwisho wa maisha yake. Aidha, tangu Oktoba 2023 tuna kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River. Hicho kingekuwa cha kwanza kuambiwa kwamba kila simu itokayo humo ije na tundu la USB-C lenye vile vipande viwili vya senti ndani yake, na wenye maduka Kampala na Arusha wakajua wanachokipata. Kwa kweli jambo hili lingefaa kuamuliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa pamoja. Soko la nchi moja mwenye kiwanda hulipuuza. La nchi nane hulifikiria.

Nimetaja kisanduku cha umeme wa jua cha shangazi. Katika sheria ya Ulaya hutakikuta, kwa sababu kule haliwi tatizo lao. Kwetu ni tatizo kubwa. Familia hununua kisanduku kwa mkopo wa malipo ya kila siku, nacho huja na taa na redio zenye vichwa ambavyo kampuni nyingine haina. Taa ikiharibika, huwezi kununua ya jirani kwa bei nafuu. Ni lazima urudi kwa yule yule aliyekukopesha. Wenye kampuni watasema kwamba vichwa hivyo huwalinda wasiibiwe vifaa kabla ya deni kulipwa. Sawa. Lakini deni likiisha, kufuli ya nini? Kama Kenya inataka kutunga kanuni ambayo Ulaya wataiga kwetu, ianzie hapo: kifaa kikilipiwa chote, mwenye kampuni atoe bure au kwa bei ya kiwandani kiunganishi cha kukiwezesha kutumia vichwa vya watu wote.

Sasa niirudie ile hoja ya Apple. Ni kweli kwamba kanuni mpya ikija kwa pupa huzalisha taka badala ya kuzipunguza. Ulaya walilijua hilo, wakawapa wenye viwanda miaka miwili, na waliokuwa na simu za zamani hawakuguswa. Mambo ya 2012 hapa kwetu yalikwenda kinyume: amri ilimwangukia mwenye simu, mtu aliyenunua kwa pesa zake dukani bila kujua kwamba kauziwa ghushi, ilhali mwagizaji aliyezileta simu hizo alikwisha kula faida na kulala. Nikiulizwa maoni yangu, kanuni ya tundu moja iwaanzie waagizaji na kiwanda cha Athi River, wapewe miezi isiyopungua kumi na minane, na iguse bidhaa zinazoshuka bandarini baada ya siku hiyo. Vibanda vya kuchajia viachiwe furushi lao kwa muda wote ambao simu za zamani zitakuwepo.

Shangazi angali na ile mulika mwizi yake. Betri yake hukaa siku nne, na kile kipande cha boksi la majani ya chai bado kimo ndani, kwa kuwa alikataa kitolewe. Tarehe yoyote itakayotangazwa isimguse yeye.